Jamaa wa koridoni: Pierre Curie na sumaku inayoshindwa na moto

Umepima mchele wako wa Ahero, umeuosha mara mbili, umetia maji na chumvi kidogo, umeuweka kwenye ile sufuria ya stima ya kupikia wali na kubonyeza swichi chini. Halafu umerudi kwa simu yako. Baadaye kidogo, ukiwa bado unacheka na video, unasikia: tak! Swichi imeruka yenyewe. Wali umeiva na hakuna mtu aliyeuchungulia.

Ebu jiulize, sufuria imejuaje? Haina macho, haina saa, na zile za bei ya chini hazina kompyuta yoyote ndani. Kilichozima stima ni kidude kilichojificha chini katikati, pale unapoona kitufe cha mviringo kinachobonyea ukitoa chungu cha ndani. Na siri ya hicho kidude ina jina la Mfaransa aliyekufa mwaka wa 1906 akiwa na miaka 46, aliyegongwa barabarani siku ya mvua. Pierre Curie.

Najua unachofikiria. Curie? Si yule mama wa radiamu tuliyemsoma shuleni? Huyo ni Marie, mke wake, na sifa zake zote ni halali. Lakini leo nipe dakika chache nikuhadithie za bwana. Mambo aliyoyafanya kabla hata hajakutana na Marie unayatumia kila wiki, na kuna uwezekano mkubwa hukuwahi kuambiwa ni yake.

Kwanza tumalizane na wali. Hapa Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si zile 100 za kitabuni. Maadamu kuna maji chunguni, joto haliwezi kupanda sana kupita hapo, kwa sababu moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Mchele ukishayanywa maji yote, joto linaanza kupanda. Sasa chini pale, kwenye sufuria nyingi za aina hii, kuna sumaku iliyoshikana na kipande cha feraiti, yaani kama kigae chenye chuma ndani yake. Feraiti hiyo imetengenezwa makusudi ipoteze usumaku ikifika nyuzijoto kama 103. Ikifika hapo inaiachilia sumaku, springi inasukuma, swichi inaruka. Kiwango hicho cha joto, ambapo kitu cha sumaku kinaacha kuwa cha sumaku, wanasayansi wa dunia nzima wanakiita halijoto ya Curie. Hiyo ni ya Pierre.

Alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Babake, Eugène, alikuwa daktari, mtu wa siasa za watu wa kawaida na asiye na pesa nyingi. Pierre alikuwa mtoto wa pili. Kakake Jacques alimtangulia kwa miaka kama mitatu. Na hapa ndipo hadithi inapoanza kupendeza kama we ni mmoja wa wale walioambiwa darasani kwamba ni wazito. Pierre hakwenda shule kabisa. Si kwamba alitoroka, la. Wazazi walimtazama wakaona ni mtoto anayezama kwenye wazo moja na kukaa humo, hawezi kurukaruka kutoka somo moja hadi lingine kengele inapolia. Akilazimishwa kwenda haraka, anachanganyikiwa. Akiachwa, anafika mbali kuliko wote. Basi wakamfundisha nyumbani. Mamake kwanza, halafu babake na kakake, na alipofika miaka 14 wakamtafutia mwalimu wa hisabati. Muda mwingine alikuwa nje mashambani, akikusanya mimea na wadudu.

Usidhani alichelewa. Akiwa na miaka 16 alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, na akiwa na 18 tayari alikuwa na shahada ya fizikia kutoka Sorbonne. Hapo pesa zikakatika. Kuendelea hadi udaktari wa falsafa kulihitaji muda ambao familia haikuweza kuugharimia, kwa hiyo akachukua kazi ya msaidizi wa maabara. Ile shahada ya udaktari ilibidi ingoje karibu miaka 17. Shika hiyo, tutairudia.

Jacques naye alikuwa msaidizi wa maabara, na ndugu hao wawili walipenda kufanya kazi pamoja. Mwaka wa 1880, Pierre akiwa na miaka 21 tu, waligundua jambo la ajabu: ukibana fuwele fulani, kama kwotzi, inatoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba ukiipa umeme fuwele hiyo inajikaza na kujilegeza kidogo sana. Si mambo ya maabara peke yake hayo. Kile kibiriti cha gesi cha kubonyeza, si kile cha kuzungusha kijigurudumu, kinatoa cheche kwa kubana kipande cha aina hiyo. Picha ya mtoto tumboni anayopigwa mama kliniki inatokana na vipande vinavyotetemeshwa na umeme hadi vitoe sauti tusiyoweza kuisikia. Na watafiti wanaokadiria wingi wa samaki wa Ziwa Victoria, wakiwemo wale wa KMFRI wenye kituo chao hapa Kisumu, hutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake kwa mbinu iyo hiyo. Mbuta aliyefika kwa sahani yako Dunga huenda alihesabiwa kwanza kwa kazi ya vijana wawili wa Paris. Sawa, labda si huyo huyo. Lakini umenielewa.

Mwaka wa 1882 Pierre akapata kazi katika shule mpya ya jiji la Paris iliyofundisha fizikia na kemia ya viwandani. Kwa lugha yetu ungeiita politekniki. Vyuo vikubwa vya Ufaransa wakati huo vilikuwa vile vya kulea wakubwa wa kesho, na hii ilikuwa ya kufundisha vijana wa kwenda viwandani kufanya kazi. Pierre alikuwa msimamizi wa mazoezi ya maabara. Alikaa hapo miaka 22. Mshahara wake kwa miaka mingi ulikuwa kama faranga 300 kwa mwezi, ambayo ndiyo fundi mzuri wa kiwandani angepata. Na ingawa alisimamia maabara ya wanafunzi, hakuwa na chumba chake mwenyewe cha utafiti. Sehemu kubwa ya kazi ninayokuja kukusimulia aliifanya kwenye korido, kati ya ngazi na chumba cha kuandalia vifaa. Watu wanapita, milango inafungwa na kufunguliwa, na jamaa ameinama juu ya mizani inayoweza kuyumbishwa na pumzi.

Kazi gani hiyo? Ilikuwa kuhusu joto na sumaku.

Kwamba moto unaua sumaku halikuwa jambo jipya. Wahunzi walilijua tangu zamani. Simama siku moja na fundi wa jua kali anayefua chuma, hata pale Kibuye, uone. Chuma baridi kinavutwa na sumaku. Kikiwa kimewaka rangi ya machungwa, sumaku hailioni kabisa, ni kama umeielekeza kwa mti. Kikipoa, kinavutwa tena. Tafadhali usijaribu hii na jiko la nyumbani bila mtu anayejua moto. Swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu vizuri ni hili: inatokeaje? Usumaku unapungua polepole au unakatika ghafla? Na vitu ambavyo si vya sumaku, kama hewa na maji, je, navyo vinaguswa?

Pierre akatengeneza mizani yake mwenyewe, yenye kuhisi nguvu ndogo sana. Akaweka vitu mbalimbali, kimoja kimoja, ndani ya tanuri dogo lililokaa kati ya ncha za sumaku ya umeme, akapandisha joto hatua kwa hatua hadi kupita nyuzijoto 1,000, na kila hatua akapima ni kwa nguvu kiasi gani sumaku inavuta au kusukuma. Kwa miaka. Akiwa na kibarua cha kufundisha mchana. Fikiria joto la Kisumu mwezi wa pili, halafu uongeze tanuri.

Alichokipata kilipanga upya somo zima. Kuna vitu ambavyo sumaku inavisukuma kidogo sana, na hivyo havijali joto karibu hata kidogo. Kuna vitu, kama hewa ya oksijeni, ambavyo sumaku inavivuta kidogo, na nguvu hiyo inapungua kwa mpango ulio wazi kabisa: joto likiongezeka mara mbili, ukihesabu kuanzia sufuri ya mwisho ya baridi, mvuto unabaki nusu. Halafu kuna lile kundi la tatu, chuma na nikeli na wenzao. Hivi vinashikilia usumaku wao kwa ukaidi, vinaupoteza kidogo kidogo huku joto likipanda, kisha vikikaribia kiwango fulani vinaporomoka na kuwa kama wale wa kundi la pili. Chuma huporomoka karibu na nyuzijoto 770. Nikeli ni dhaifu zaidi, kama 358. Kila kitu na kiwango chake, kama alama ya kidole.

Kwa nini? Pierre hakuweza kulijibu hilo, kwa sababu kipande muhimu cha jibu kilikuwa bado hakijagunduliwa. Lakini wewe una bahati ya kuzaliwa baadaye. Ndani ya chuma, kila elektroni ni kijisumaku kidogo, na tabia hiyo tunaiita spini. Wazia jukwaa limejaa mashabiki wa Gor Mahia, wote wanapunga leso upande mmoja kwa mdundo mmoja, na kila mmoja anamfuata jirani yake. Hiyo ndiyo sumaku. Joto ni fujo: watu wanasukumana, mmoja anapoteza mdundo, halafu wa pili. Kwa muda wimbo unashikilia, kwa sababu majirani wanarudishana kwenye mstari. Lakini fujo ikizidi kiwango fulani, wimbo wote unavunjika. Mashabiki bado wapo na kila mmoja bado ana leso yake. Kilichopotea ni ule umoja.

Sasa turudi kwa shahada. Pierre alikuwa na haya matokeo yote na hakuwa na haraka ya kuyapeleka popote. Hakupenda kujipigia debe. Nishani na vyeo vilimchosha, na kuomba kazi ofisini kwa wakubwa alikuona ni kujidhalilisha. Lord Kelvin, jina kubwa kabisa la fizikia Uingereza wakati ule, alijua thamani yake vizuri kuliko wakubwa wa Paris. Mimi naona hapa alikosea kidogo, maana ukimya wake ulimgharimu. Ila ndivyo alivyokuwa.

Mwaka wa 1894 akaja mtu wa kumsukuma. Alikuwa mwanafunzi kutoka Poland, Maria Skłodowska, aliyekuwa amepewa kazi ya kuchunguza usumaku wa aina mbalimbali za chuma cha pua, na hakuwa na nafasi ya kutosha kuweka vifaa. Rafiki mmoja akasema, namjua jamaa wa sumaku, huenda ana chumba. Jamaa mwenyewe, kama ujuavyo, hakuwa hata na chumba chake. Lakini walipoanza kuongea hawakumaliza. Kwa hiyo ile ndoa maarufu kuliko zote katika sayansi ilianzia kwa sumaku. Radiamu ilikuja baadaye sana.

Machi 1895, akiwa karibu miaka 36, Pierre hatimaye alisimama Sorbonne na kutetea tasnifu yake kuhusu sumaku na joto, akapata udaktari. Julai mwaka huo wakaoana, harusi ndogo bila mbwembwe, na kwa pesa walizozawadiwa wakanunua baiskeli mbili. Fungate yao walizunguka vijijini wakiendesha. Mtu wa Kisumu, mji uliobebwa miaka mingi na baiskeli za boda boda, hawezi kushindwa kuwapenda hapo.

Radiamu nitaipitia haraka, hiyo umeisoma. Marie aliamua kuchunguza miale ya ajabu ya yuraniamu aliyokuwa ameigundua Becquerel. Ili kuipima alihitaji chombo cha kuhisi umeme mdogo sana, na alichokitumia kilitegemea ile fuwele ya Pierre na Jacques. Matokeo yalipoanza kushangaza, Pierre aliacha kazi yake ya sumaku na fuwele akaingia kwenye ya mkewe. Ni yeye aliyejiunga na Marie. Wengi hulisimulia kinyume. Mwaka wa 1898 walitangaza poloniamu mwezi Julai na radiamu mwezi Desemba. Kisha ikaja kazi ya punda: kuchemsha na kuchuja tani za mabaki ya madini ndani ya banda bovu uani mwa shule, paa likivuja, hadi mwaka wa 1902 walipopata sehemu ya kumi ya gramu. Kwa kukupa picha ya wakati, ni katika miaka hiyo hiyo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikisogea bara, na Desemba 1901 ikafika ufukweni kwetu, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya watu kuzoea kuandika Kisumu. Chuma kile kililala juani bila shida. Jua letu, hata likikasirika vipi, liko mbali sana na 770.

Banda lile lilimwonyesha Pierre thamani ya mtu aliyetoka mlango wa nyuma. Mwaka wa 1898 aliomba nafasi ya uprofesa Sorbonne akanyimwa. Hakuwa amepitia vile vyuo vya wakubwa. Mwaka wa 1902 rafiki zake wakamshawishi agombee kuingia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Desturi ilikuwa mgombea azunguke nyumba kwa nyumba akiwasalimu wenye kura. Alizunguka, kwa aibu kubwa, na akashindwa. Serikali ilipotaka kumpa nishani ya heshima, alikataa, akaeleza kwamba nishani hana haja nayo, ila maabara angeishukuru. Hakupewa maabara.

Halafu mwaka wa 1903 likaja suala la Nobel. Barua iliyotoka kwa wakubwa wa Ufaransa ilimpendekeza Becquerel na Pierre. Marie hakutajwa kabisa, kana kwamba alikuwa akichemsha chai bandani. Mwanahisabati mmoja wa Uswidi akamtonya Pierre mapema. Hapa yule mtu mkimya asiyependa kujigamba alichukua kalamu na kusema wazi kwamba kama wanamfikiria kweli, basi wamfikirie pamoja na mkewe. Jina la Marie likaingia. Bila barua ile, mwanamke wa kwanza kupata Nobel angekuwa mtu mwingine, mwaka mwingine. Ndiyo maana nasema ukiulizwa Pierre ni nani, na ukasema ni mume wa Marie Curie, hujamtukana. Nadhani angetabasamu. Lakini umeacha nusu ya hadithi.

Umaarufu ukawavamia: waandishi wa habari mlangoni, barua, mialiko. Mwaka wa 1904 Sorbonne ikampa uprofesa, na mwaka uliofuata kile Chuo cha Sayansi kilichomkataa kikamfungulia mlango. Ila mwili ulikuwa umechoka. Alikuwa amejifunga radiamu kwenye mkono wake mwenyewe kwa masaa ili aone itafanya nini, ikamchoma na kuacha kidonda kilichochukua wiki nyingi kupona. Miguu ilimuuma usiku hadi akashindwa kulala, na yeye alidhani ni baridi yabisi. Watu wakati ule hawakujua mionzi inafanya nini. Hata hivyo aliona hatari nyingine. Alipokwenda Stockholm mwaka wa 1905 kutoa hotuba ya tuzo, aliuliza waziwazi kama radiamu mikononi mwa wahalifu haitakuwa balaa, ingawa mwenyewe aliamini ujuzi mpya ungeleta mema kuliko maovu.

Alhamisi, tarehe 19 Aprili 1906. Mvua. Pierre alikula chakula cha mchana na maprofesa wenzake, kisha akatoka na mwavuli kwenda kwa mchapishaji kukagua kurasa zake. Akakuta mlango umefungwa, kuna mgomo. Akageuka kuelekea maktaba. Kwenye Rue Dauphine, barabara nyembamba yenye msongamano kama wa kituo cha matatu jioni, alikuwa akitembea nyuma ya gari la abiria la farasi. Akachomoka kuvuka. Upande wa pili ulikuwa unakuja mkokoteni mkubwa wa farasi wawili, umebeba sare za jeshi, uzito wake kama tani sita. Akamgonga farasi, akateleza, akaanguka. Farasi walimpita bila kumdhuru. Magurudumu ya mbele yakampita. Gurudumu la nyuma la kushoto ndilo lililompata kichwani, akafa papo hapo.

Watu walitaka kumpiga dereva, kama ambavyo ungeona hapa boda akigonga mtu, polisi wakaingilia. Pierre aliacha mabinti wawili, Irène wa miaka minane na Ève ambaye hata miwili hakuwa ametimiza. Marie akakabidhiwa darasa lake Sorbonne, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha pale, na inasimuliwa kwamba alianza somo pale pale mumewe alipokuwa ameachia, bila neno la utangulizi. Maabara aliyoiomba Pierre maisha yake yote ilikamilika mwaka wa 1914, kwenye barabara iliyopewa jina lake, miaka minane baada ya yeye kuzikwa.

Na ile kazi ya korido? Haikufa. Mwanafunzi wake wa pale pale politekniki, Paul Langevin, alieleza mwaka wa 1905 kwa nini mvuto unapungua kwa mpango ule. Mwaka wa 1907 Pierre Weiss akaeleza kuporomoka kwa chuma. Mwaka wa 1925 spini ya elektroni ikatambuliwa, na hapo ndipo wale mashabiki wetu wa jukwaani walipopata jina.

Kisha mwaka wa 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, wakiwemo Ken-ichi Uchida na Eiji Saitoh, walifanya jambo ambalo Pierre angelifurahia sana. Walichukua utando mwembamba wa nikeli na chuma, wakaupasha joto upande mmoja, na wakaona spini zinatiririka. Si umeme wa kawaida ambapo elektroni zenyewe zinasafiri, la, ni mkondo wa spini. Miaka miwili baadaye wakauonyesha hata kwenye sumaku ambayo haipitishi umeme kabisa. Inawezekanaje? Rudi uwanjani. Unajua lile wimbi la mashabiki, watu wanasimama na kukaa kwa zamu hadi linazunguka uwanja mzima? Hakuna aliyeacha kiti chake, lakini kitu kimesafiri. Ndivyo joto linavyosukuma wimbi la spini kutoka upande wa moto kwenda wa baridi. Na pasha sumaku hiyo hadi halijoto yake ya Curie, mkondo nao unakauka. Wimbo umevunjika, wimbi litapita wapi?

Watu wanalifuatilia hili kwa sababu kompyuta zetu zinapoteza nguvu nyingi kama joto, na kama joto hilo linaweza kubeba habari au kurudishwa kuwa umeme, hiyo ni faida. Bado ni utafiti. Lakini matumizi mengine ya halijoto ya Curie yameshafika sokoni: diski mpya za kuhifadhi data nyingi, kama zile za vituo ambako picha zako za mtandaoni hulala, zina leza inayopasha doa dogo sana hadi karibu na kiwango hicho. Hapo usumaku unalainika, data inaandikwa, doa linapoa, na kilichoandikwa kinaganda.

Kwa hiyo kesho sufuria ikilia tak na wewe uone wali bado una umaji kidogo, utajaribu kubonyeza swichi irudi chini. Itagoma. Utabonyeza tena kwa hasira, itagoma tena. Hujaharibu chochote na wala haijachoka. Feraiti pale chini bado iko juu ya halijoto yake ya Curie, na mpaka ipoe nyuzi chache haiwezi kushikana na sumaku hata uibembeleze. Funika chungu, ngoja dakika kumi hivi, halafu ujaribu tena.